Anayetakwa Shauri Amebeba Amana

Sisi Waswahili tulikuwa na chuo kabla ya kujua chuo kikuu. Mtoto wa Mombasa, Lamu au Malindi hupelekwa chuoni angali mdogo, akakaa jamvini mbele ya maalim wake. Maalim humsikiliza mtoto mmoja mmoja. Huyu yuko katika herufi, yule amefika Juzuu Amma, na mwengine akaribia kuhitimu. Hamvushi asiyeweza, wala hamzuii aliyeweza. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya usajili ya chuo kimoja cha hapa Pwani, na nikiulizwa kazi yangu ni ipi, hujibu kwamba haiko mbali na ya maalim yule.

Watu wengi hudhani kazi hii ni kupiga mihuri na kuandika barua. Kweli, sehemu moja ndiyo hiyo. Maombi hupokewa, vyeti hukaguliwa, na majina huingizwa daftarini. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mwanafunzi ni mali iliyo kubwa kuliko zote. Lakini sehemu ya pili, ambayo haionekani, ni kukaa na kijana na kumweleza milango iliyo wazi mbele yake, na ile iliyokwisha kufungwa.

Kijana mmoja wa Kisauni alinijia na cheti chenye alama ya B. Alitaka uhandisi wa mitambo. Alijua, kama wajuavyo wengi, kwamba alama ya chini ya kuingilia shahada ni C+, na yeye aliipita. Asilolijua ni kwamba kila kozi ina masomo yake manne ambayo alama zake hujumlishwa peke yake, na kiwango cha juu cha hesabu hiyo ni 48. Uhandisi wataka hisabati, fizikia na kemia. Yeye fizikia aliiacha alipomaliza kidato cha pili, kwa sababu rafiki zake waliiacha. Basi mlango wake ulifungwa miaka miwili kabla ya mtihani, na hapana mtu mzima aliyemwambia. Tulizitazama alama zake za hisabati, tukazungumza kwa siku mbili, akaenda kusoma uhasibu. Anaendelea vyema, alhamdulillahi. Hata hivyo, mhandisi tulimpoteza.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo ninalotaka kulisema. Ushauri unaotolewa baada ya matokeo ni wa kuokota vilivyobaki. Ushauri wenye faida ni ule unaotangulia uchaguzi wa masomo. Na sasa uchaguzi huo umesogea mbele zaidi. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na kundi la kwanza la mtaala mpya lilipangiwa kuingia gredi ya 10 mwezi wa Januari mwaka 2026. Huko wanafunzi wamewekewa njia tatu: ya sayansi na ufundi, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Mtoto achagua njia yake akiwa gredi ya 9, pengine na umri wa miaka 14 au 15. Mzazi anayengoja mpaka cheti cha mwisho ndipo aulize, atakuwa amechelewa.

Pwani yetu haikukosa majengo ya elimu. Mombasa Institute of Muslim Education, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ilijengwa ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora walichangia fedha zake, na wanafunzi wa mwanzo waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 ikageuzwa kuwa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, nacho kilipata hati yake. Majengo tunayo. Tulichopungukiwa ni watu wa kumshika mtoto mkono mpaka mlangoni.

Kumshika mkono si kumchagulia. Msichana mmoja wa Lamu aliitwa na chuo kikuu cha magharibi mwa Kenya kusomea uuguzi. Babake alikataa. Wengine wangemwita mzee yule mjinga, lakini mimi nilimuuliza tu, “Mzee, unachokihofia hasa ni nini?” Akasema: atalala wapi, atakula nini, na ataswali wapi. Hayo ni maswali ya haki, na yana majibu. Tulipata habari za bweni la wanawake, tukazungumza na wanafunzi wa Kiislamu walioko huko, tukamweleza pia utaratibu wa kuomba uhamisho. Binti alikwenda, akasindikizwa na shangazi yake. Mshauri anayemdharau mzazi humpoteza mwanafunzi pia.

Swali jengine gumu ni la fedha. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa mwaka 1995, hutoza mkopo wa shahada ya kwanza asilimia 4 kwa mwaka. Vijana wetu wengi huuliza kuhusu riba, na wako wanaoacha masomo kwa ajili yake. Mimi si sheikh, na mambo ya fatwa huyaacha kwa maulamaa wenyewe. Wajibu wangu ni kuziweka hesabu wazi, kisha kumwonyesha kijana njia nyengine: misaada ya kaunti na ya maeneo ya ubunge, na ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ambayo ilianza mwaka 1983 kuwasaidia Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake. Anayetaka kwenda Madina au Cairo humweleza mapema kwamba shahada ya ng’ambo lazima itambuliwe nchini kabla ya kuombea kazi ya serikali. Wako waliorudi na elimu kubwa wakakaa barazani kwa sababu ya karatasi moja.

Nawajibu pia vijana wanaoniuliza jinsi ya kuingia katika kazi hii. Wengi wetu tulitoka katika ualimu, na shahada ya elimu ni msingi mzuri. Ongeza masomo ya ushauri nasaha. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria inayowahusu washauri na wanasaikolojia, na anayetaka kufika mbali na aijue. Usione haya kuanza kama karani wa masjala, maana huko ndiko utakakojifunza jinsi faili inavyopotea na jinsi inavyopatikana. Kutoka hapo mtu hupanda akawa msajili msaidizi, kisha msajili, au akaingia upande wa ulezi wa wanafunzi. Katika vyuo vya Tanzania mkuu wa upande huo huitwa Mshauri wa Wanafunzi, nami napenda jina hilo.

Mshahara si wa utajiri, na vishawishi vipo. Bahasha huja, pamoja na maneno matamu ya “nisaidie mwanangu”. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayetakwa shauri ni mtu aliyeaminiwa. Ukiipokea bahasha ile, umeuza nafasi ya mtoto wa mvuvi ambaye hana bahasha.

Ombi langu kwa kamati za misikiti na madrasa ni dogo. Kila mwaka, kabla watoto wa gredi ya 9 hawajachagua njia zao, tengeni alasiri moja muwaite wazazi, akina mama wasisahauliwe, na mumwite mwalimu au msajili mmoja aje awaeleze. Haitagharimu zaidi ya chai na mahamri. Wabillahi taufiki.