Miombo, Mbuga na Pori: Nchi ya Unyamwezi na Maneno Yake

Nchi inayouzunguka mji wa Tabora ni uwanda wa juu, wenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Msafiri apitaye huko kwa gari moshi huona miti ya namna moja kwa muda wa saa nyingi, na kwa urahisi hudhani kwamba nchi hiyo haina habari ya kusimuliwa. Lakini katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Pwani ilipita humo, na maneno matatu ambayo leo husomwa katika sheria, katika ramani na katika vitabu vya elimu ya mimea, yaani miombo, mbuga na pori, hayaeleweki vema pasipo kuijua nchi hiyo. Yafaa maneno haya yachunguzwe sasa, kwa sababu maana zake za zamani zinafifia wakati uleule ambapo miti yenyewe inapungua.

Sura ya nchi

Mvua ya Unyamwezi ni ya msimu mmoja. Huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au mapema Mei. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Ardhi imeinuka na kushuka polepole: juu pana vilima vya mawe, katikati pana miteremko mirefu, na chini pana mabonde mapana ambayo maji yake hutuama badala ya kukimbia. Kila sehemu ya mteremko ina udongo wake. Wasukuma, walio jamaa wa karibu wa Wanyamwezi kwa lugha na kwa desturi, huuita udongo wa mchanga luseni. Ule wa chini zaidi, ambao hukauka ukawa mgumu kama sakafu, huuita itogolo. Na ule mweusi wa bondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ndio wa mbuga. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, alisafiri katika sehemu nyingi za Tanganyika mwaka 1935 na 1936. Yeye ndiye aliyewaeleza wataalamu wa nchi nyingine kwamba aina za udongo wa mteremko mmoja hufuatana kama pete za mnyororo, kila moja ikitegemea ile iliyo juu yake. Wakulima wa huko walikuwa wamekwisha kuzipa pete hizo majina.

Kwa wenyeji, basi, mbuga ni mahali maalumu. Ni bonde la udongo mweusi, lenye nyasi ndefu na miti michache, ambalo hufunikwa na maji masika. Humo hupandwa mpunga, na humo ng'ombe hupata majani wakati nchi ya juu imekauka. Katika Kiswahili cha kawaida neno hili limepanuka likawa uwanda wowote wa nyasi, na baadaye likawa mahali popote palipotengwa kwa ajili ya wanyama, hata pakiwa ni mlima wenye msitu. Hapana ubaya katika kupanuka huko, maana ndiyo tabia ya neno lililosafiri. Lakini pamebaki pengo: mwandishi wa Kiswahili atakaye kulitaja bonde la udongo mweusi hana budi atumie maelezo marefu, hali wataalamu wa udongo waandikao Kiingereza wanaliita mbuga mpaka leo.

Mti na jina lake

Neno miombo nalo limesafiri mbali. Asili yake ni muyombo, jina la Kinyamwezi la mti mmoja tu, ambao wanabotania huuita Brachystegia boehmii. Kutokana na mti huo jina limeenea juu ya jamaa yake yote, na sasa huitwa miombo nchi yote ya miti ya namna hiyo, kuanzia Tanzania na Kongo, kupita Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hata Angola. Ni maneno machache ya Afrika ya Mashariki yaliyopokewa hivyo na elimu ya dunia. Hata hivyo Mswahili wa mjini hulijua neno hili kwa wingi wake tu. Umoja wake haumo kinywani mwake, na kwa hiyo hajui kwamba lilikuwa jina la mti.

Mwenyeji hawezi kukosea hivyo, kwa kuwa kila mti una kazi yake. Gome la muyombo hutoa kamba imara. Gome la miti hiyo, na la nduguye aitwaye mtundu, hubanduliwa zima likakunjwa likawa mzinga wa nyuki. Mninga hutoa mbao nzuri, na mpingo mti mgumu wa kuchongwa. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miombo huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba, kisha majani hayo hugeuka kuwa ya kijani. Mvua ikinyesha, uyoga wa namna nyingi huota chini yake, kwa maana mizizi ya miti hii huishi kwa ushirika na uyoga, kila mmoja akimlisha mwenziwe. Wanawake huuchuma uyoga huo wakaupeleka sokoni.

Mrina asali ndiye aijuaye nchi hii kuliko watu wote. Huingia porini siku nyingi, hutundika mizinga yake juu ya miti, na pengine huongozwa na ndege aitwaye mlembe, ambaye hulia na kuruka mbele ya mtu mpaka kwenye nyuki, kisha hula masega na nta zilizobaki. Asali na nta za Tabora zimeuzwa nchi za ng'ambo tangu zamani za utawala wa Wajerumani.

Njia ya misafara

Maneno ya nchi hii yalifikaje Pwani? Yalichukuliwa na wapagazi. Wanyamwezi walikuwa wakisafiri hadi Pwani kwa biashara yao wenyewe, na baadaye walikuwa wengi miongoni mwa wachukuzi wa pembe za ndovu, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo, na kumbukumbu yake haiwezi kutenganishwa na mateso hayo. Richard Burton na John Speke walitoka Pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba: safari ya zaidi ya miezi minne. David Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, akingoja wapagazi waliotumwa na Henry Stanley.

Katika safari kama hizo kila habari ya maji ilikuwa habari ya uhai, na lugha ilijifunza kuitaja. Mfano mzuri ni terekeza. Maana yake ni kuondoka kambini mchana baada ya kupika na kunywa, kwenda mpaka jioni, kulala mahali pasipo maji, na kuyafikia maji kesho yake. Neno hili limo katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa wakati ule. Msomaji wa leo akilikuta huweza kulidhani kuwa ni lile telekeza la kumwacha mtu bila matunzo. Mahali palipohitaji mwendo huo ni Mgunda Mkali, nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi. Mgunda, kwa lugha za huko, ni shamba. Mkali ni neno la Kiswahili. Jina zima ni kazi ya msafara, ambamo watu wa bara na wa Pwani walisemezana.

Tembe nalo ni la njia hiyo: nyumba ndefu ya kuta za udongo, yenye paa la bapa lililotandazwa miti na kufunikwa udongo. Paa hilo halishiki moto upesi kama makuti au nyasi, jambo lenye faida katika nchi ichomwayo moto kila kiangazi. Na jina la Tabora lenyewe husemwa kuwa limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa, ambavyo ni chakula chepesi kuchukuliwa safarini. Wenyeji huvitofautisha na michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi.

Pori na mahame

Neno la tatu ni pori. Mswahili wa zamani hakuiita nchi ya miombo msitu. Msitu ulikuwa miti iliyosongamana, na pori lilikuwa nchi isiyokaliwa na watu, yenye miti au vichaka. Kwa hiyo pori ni habari ya watu kabla ya kuwa habari ya miti. Jambo hili ni la maana, kwa sababu sehemu kubwa ya pori la Unyamwezi ilikaliwa zamani. Vita vya Mirambo na Waarabu vilivyoanza mwaka 1871, sotoka iliyoua ng'ombe katika miaka ya 1890, na mapigano ya mwaka 1916, ambapo Wabelgiji waliitwaa Tabora tarehe 19 Septemba, vyote viliondoa watu. Kisha, kwa kuogopa malale, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu mahali pamoja, na mbung'o wakairithi nchi iliyoachwa. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini tena. Mahali palipohamwa Wanyamwezi na Wasukuma hupaita matongo, Waswahili mahame. Mwembe uliosimama peke yake kati ya miombo, vigae, na jiwe la kusagia huonyesha kwamba hapo palikuwa na mji.

Katika nchi hiyo iliyoachwa wanyama walizidi: palahala, kongoni, tandala, twiga, tembo na simba. Bonde la mto Ugalla lilikuwa pori la akiba mpaka mwaka 2019, lilipofanywa hifadhi ya taifa. Mabadiliko hayo si ya jina tu. Katika pori la akiba warina asali waliweza kuingia kwa kibali. Sheria ya hifadhi ya taifa haina nafasi kwa kazi yao. Wanyama wamepata ulinzi mkubwa zaidi, na wale wajuao jina la kila mti na kila kidimbwi wameondolewa mahali walipoyatumia majina hayo.

Kazi iliyobaki

Nje ya hifadhi hatari ni nyingine. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kushindwa baada ya miaka michache, ulifyeka nchi ya Urambo; badala yake ikaja tumbaku, ambayo hukaushwa kwa moto wa kuni, na kila mavuno huihitaji miombo. Mahali pengi muyombo umekwisha kukatwa, na kijana aliyezaliwa hapo hana la kuliitia jina hilo.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Majengo yatapata walinzi. Maneno yahitaji walinzi wa namna nyingine. Ingefaa kamusi za Kiswahili zirudishe umoja wa miombo pamoja na jina la mti wake. Zitenganishe mbuga ya udongo mweusi na mbuga ya wanyama. Zilitaje terekeza kwa maana yake ya safari. Na zieleze kwamba pori ni nchi isiyokaliwa, ambayo pengine iliwahi kukaliwa. Ushahidi wa maana hizo hauko katika maktaba peke yake. Uko kwa warina asali wazee wa Sikonge, Urambo na Uyui, na waulizwe wangali wanapanda miti na kushusha mizinga.