Ramani ya Mawazo na Ulimi Uliofungwa

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kukaa katika kipindi cha lugha, mwalimu akasema, "Haya, zungumzeni," na darasa zima likatulia kama maji mtungini. Si kwamba wanafunzi hawana la kusema. Wanalo, ila hawajui waanzie wapi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ramani ya mawazo inavyoweza kuwasaidia.

Ramani ya mawazo ni nini? Ni mchoro wenye neno moja katikati na matawi yanayotoka humo, na kila tawi huzaa vitawi. Mwingereza Tony Buzan ndiye aliyeieneza sana kuanzia miaka ya 1970, hasa kwa ajili ya kufupisha masomo na kuyakumbuka. Hapa tunaitazama kama chombo cha mazungumzo.

Tuchukue mfano wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka 1951. Katikati ya ubao tuandike "Karama". Tawi la kwanza liwe mashtaka yake. La pili liwe wajumbe sita anaowasimulia mahakamani, waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. La tatu liwe malipo waliyopata waliporudi. Kila mwanafunzi apewe mjumbe wake, aieleze safari yake.

Lakini pana mtego, na mimi mwenyewe niliuingia wakati wa mazoezi ya kufundisha. Niliwaacha wanafunzi waandike sentensi nzima kwenye matawi. Kumbe nimewapa hotuba! Mmoja akasoma, akakaa. Wa pili akasoma, akakaa. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Kesho yake nikasema: tawi moja, neno moja, basi. Ikawa lazima mtu ajitungie sentensi papo hapo, na akikwama, ubao unampa neno la kuendelea nalo.

Aidha, matawi peke yake huzaa taarifa tu. Mabishano huanza pale tunapochora mstari kuunganisha tawi na tawi. Nilipounganisha "malipo" na "mashtaka", binti mmoja ambaye hakuwa akifungua mdomo aliuliza, "Sasa mwalimu, Karama anawataja hao walioadhibiwa ili ajitetee, au anawashtaki wanaomshtaki?" Darasa likawaka moto.

Swali lile ni uhakiki tosha, nalo lilitoka mdomoni kabla ya kufika kwenye insha. Kwa hiyo mwalimu asitoe alama kwa uzuri wa mchoro. Mazungumzo yakishakolea, achukue dasta aufute, asikilize kitakachobaki.