Je, chai huchacha?

Wiki hii tulipime neno moja linalosikika kila siku katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet: kuchachusha. Muulize mfanyakazi wa kiwandani majani yaliyosagwa yanafanywa nini kabla ya kukaushwa, atakwambia, "Tunayachachusha." Je, ni kweli?

Mursik huchacha. Maziwa yakitiwa kibuyuni, bakteria huyageuza. Chai nyeusi haingoji bakteria. Jani likipasuka, vimeng'enya vyake lenyewe hukutana na kemikali ziitwazo polifenoli na oksijeni ya hewani, nalo hugeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Huo ni uoksidishaji.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Neno sahihi hutuonyesha kinachoharakisha mmenyuko. Kwanza ni ukubwa wa uso: mashine hukatakata majani ili sehemu nyingi zaidi ziguswe na hewa. Pili ni kichocheo, yaani vile vimeng'enya. Tatu ni wingi wa oksijeni, ndiyo maana hewa hupulizwa kwenye majani. Nne ni joto. Aghalabu, joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mmenyuko hukaribia kuongezeka maradufu. Lakini joto likizidi sana, vimeng'enya huharibika na kazi husimama. Ndivyo kikaushio kinavyokomesha uoksidishaji, na ndiyo maana majani ya chai ya kijani huwahiwa kwa mvuke au joto kali.

Nikiwa mdogo kule Konoin, kogo, yaani nyanya yangu, alishindilia majani guniani ili asirudi shambani mara ya pili. Lori likachelewa. Alipoyamwaga, yalikuwa ya moto na mekundu.

"Yamechacha haya, mama," karani akasema, akayakataa.

Kogo alirudi nyumbani akiamini yameoza tu kama ugali wa juzi, basi. Kumbe jani lililochumwa bado hupumua, na kupumua huzaa joto. Likibanwa, joto hukosa pa kutokea. Likipondeka, uoksidishaji huanzia guniani. Jasho la siku nzima likapotea hivyo.

"Yamechacha" lilimpa kogo hukumu bila sababu. Angeambiwa "yamepondeka, yakapata joto," kesho yake angejua la kufanya: asishindilie, ayaweke kivulini, ayafikishe mapema. Istilahi nzuri ya sayansi ni ile inayomwachia mkulima la kufanya.