Je, Wajua? Betri ya Pili Haizalishi Umeme

Zuzu, magharibi mwa jiji la Dodoma, kuna kituo kikubwa cha kupozea umeme kwenye njia ya kilovolti 400 itokayo Iringa hadi Shinyanga. Umeme wa nguvu hiyo hauingizwi nyumbani bila kushushwa, kwa hiyo kaya iliyo mbali na nyaya ndogo huendelea kutegemea sola hata kama inaziona nguzo kubwa.

Kwenye mfumo huo wa sola, betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200. Ili idumu, tumia nusu tu: runinga na taa za jumla ya wati 60 kwa saa 10. Ukiiunga ya pili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, muda huo huwa mara mbili na volti hubaki 12. Ukiziunga kwa mfululizo utapata volti 24, na vifaa vyako vya volti 12 vinaweza kuungua.

Kinachoniuma ni kuona watu wakiongeza betri bila kuongeza paneli. Paneli ya wati 100, kwa saa 5 za jua kali, haivuki wati-saa 500. Hairudishi hata ile nusu ya betri moja. Betri isiyojaa hujenga salfeti ngumu kwenye bamba zake, ikafa mapema.

Nunua zilizo sawa kwa aina, ukubwa na umri, maana kuukuu huiangusha mpya. Weka fyuzi karibu na kila betri. Na usizifungie chini ya bati la moto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza uhai wake kwa takriban nusu.