Irabu Saba, Herufi Tano: Ekegusii Mbele ya Mashine

Ekegusii, lugha ya Nyamira na Kisii, ina irabu saba, ilhali maandishi yake ya kawaida yana herufi tano tu za irabu. Herufi e hubeba sauti mbili, na o vivyo hivyo, toni haiandikwi. Kasoro hii haimsumbui msomaji mzawa, kwani sikio lake humjazia kile ambacho kalamu imekiacha. Mhandisi wa programu atakaye kuifundisha kompyuta kusoma Ekegusii kwa sauti hana msaada huo: mashine haikulelewa na mama Mgusii. Itatamka irabu moja pahala pa nyingine, na mzee wa Nyamira atadhani anamsikia mgeni.

Kiswahili, chenye irabu tano, hakina taabu hii katika hati za Kilatini. Lugha ya Gĩkũyũ, yenye irabu saba pia, huandikwa kwa kuongeza ĩ na ũ. Alama ɛ na ɔ zimo katika Yunikodi, mfumo wa herufi za kompyuta, tangu 1991. Kwa hiyo kinachokosekana si ufundi, bali ni maafikiano. Wala si lazima umma uache tahajia uliyoizoea. Kamusi ya matamshi ndani ya programu yaweza kubeba alama hizo, mradi mwanaisimu aitwe kabla ya sauti kurekodiwa. Kwa kawaida huitwa baadaye.