Tochi ya Nyanya

Nyanya akiamka usiku kwenda chooni hapa kwetu Rhamu, gizani kuna nge, mawe na kamba ya mbuzi. Akianguka avunjike nyonga, huenda asitembee tena. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20.

Tochi nyingi za dukani hazikumfikiria yeye: kitufe ni kidogo, na ukikibonyeza tena taa inaanza kuwaka na kuzima yenyewe. Tafuta yenye swichi moja ya kusukuma. Kabla ya kulipa, aijaribu kwa vidole vyake, si vyako. Izungushie mpira wa tyubu ya baiskeli isiteleze, ufunge kitambaa cheupe karibu na swichi. Itundike kwa kamba kando ya kitanda, mahali pale pale kila siku. Afanye mazoezi mchana, macho ameyafumba.

Epuka tochi zenye betri bapa ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza, yaweza kumchoma koo ndani ya saa 2. Mkimbize hospitalini, wala usimtapishe.