Wiki mbili, krediti 60? Tulivyotafuta kozi ya uigizaji Malvern

Kwa ninyi mlioko Ulaya na Marekani, likizo ndefu ya watoto ni katikati ya mwaka. Huku Johannesburg kiangazi chetu ni Desemba. Shule zinafungwa kabla ya Krismasi na kufunguliwa Januari. Asubuhi jua linachoma, alasiri radi inapiga na mvua inamwagika kama ndoo, halafu jioni watoto wanarudi barabarani kucheza. Msimu huo ndipo matangazo ya kozi za likizo yanapojaa kwenye nguzo za umeme na kwenye simu za watoto wetu.

Sisi tunaishi Malvern, mashariki mwa jiji. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kidogo cha kushonea karibu na Jules Street, ile barabara ndefu iliyonyooka ambayo teksi zake, ambazo ni kama daladala zetu, ndizo zinazotupeleka mjini. Wateja wangu ni Wakongo, Wazimbabwe, watu wa Msumbiji na Wazulu. Binti yangu ana miaka 17, na mwaka jana alikuwa darasa la 11.

Jioni moja ya Novemba alikuja na simu mkononi. "Mama, nimepata kozi ya uigizaji. Ya jukwaani na ya mbele ya kamera, kwa wanaoanza. Wiki mbili. Na wanatoa krediti 60 za chuo."

Sikusikia "uigizaji". Nilisikia "krediti".

Ndugu zangu mnaoishi ugenini mtanielewa. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kibali anajua uzito wa karatasi. Nilijiambia kwamba mtoto akiwa na krediti za chuo kabla hata hajafanya mtihani wa matriki, hakuna atakayemwambia kesho kwamba si wa hapa. Baba yake aliguna tu. Kwake maigizo ni jambo la kuchekesha watu harusini. Lakini mimi zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika, ule mchezo wa kuchangishana ambao wenyeji wanauita stokvel, na nikalipa amana bila kuuliza swali hata moja.

Hesabu ya jikoni

Swali liliulizwa na jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu ambaye mwanawe yuko chuo kikuu. Alikuja kuchukua kitenge chake, akanikuta najisifu.

"Krediti 60 kwa wiki mbili?" akasema. "Dada, hizo krediti wanazihesabu namna gani? Mwanangu alisoma mwaka mzima akapata 120."

Sikuwa na jibu. Usiku ule binti yangu alikaa mezani na simu yake huku mimi nachambua mchicha, akatafuta. Ikawa hivi: katika mfumo wa elimu wa Afrika Kusini, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo zinajumlisha kila kitu: za darasani, za kusoma nyumbani, za mazoezi na za mitihani. Mwanafunzi wa mwaka mzima anahesabiwa krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360.

"Kwa hiyo krediti 60 ni saa 600," akasema. Akagawanya kwa siku 14. Akanyamaza, akarudia hesabu. "Mama, ni karibu saa 43 kila siku."

Tulitazamana, tukacheka. Kisha mimi nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka amana.

Kozi ya wiki mbili yenye siku 10 za darasa na saa sita kwa siku ni saa 60. Ukiongeza saa 20 za mazoezi ya nyumbani unafika 80. Hizo ni krediti nane, na hata hizo nane zinahesabika tu ikiwa kozi imesajiliwa na mwanafunzi amepimwa akafaulu. Cheti cha kuhudhuria hakina krediti, hata kikiwa na mhuri wa dhahabu.

Kesho yake nilipiga simu kwa wale niliowalipa. Jina lao nitaliacha. Niliuliza namba yao ya usajili. Yule kijana wa simu alisema ataitafuta. Nilipiga tena mara tatu, mara ya nne simu haikupokelewa. Ile pesa ya mchezo haijarudi mpaka leo.

Namna ya kuangalia kabla ya kulipa

Niliyojifunza kwa kupoteza, wewe yapate bure. Kwa hapa Afrika Kusini, chuo cha binafsi kinachotoa elimu ya juu lazima kiwe kimesajiliwa na Idara ya Elimu ya Juu na Mafunzo, na masomo yake yawe yameidhinishwa na Baraza la Elimu ya Juu. Sifa zenyewe zinaandikwa kwenye mfumo wa taifa unaosimamiwa na SAQA, na kila moja ina namba yake. Mafunzo ya kazi na ufundi yako chini ya QCTO. Orodha hizi ziko wazi kwenye intaneti, na mtoto mwenye simu anaweza kuziangalia bila kulipa. Omba namba, itafute mwenyewe. Usitosheke na nembo iliyochapwa kwenye tangazo.

Jambo la pili ni kwamba hata krediti za kweli hazihami zenyewe. Chuo kinachompokea mtoto ndicho kinachoamua zipi zinaendana na masomo yake. Kwa hiyo swali la kuuliza si "mnatoa krediti ngapi?" peke yake. Uliza pia, "chuo gani kinazipokea, na kwa masomo gani?" Kisha kipigie simu chuo hicho, usikie kwa masikio yako.

Mlioko nchi nyingine, hesabu zenu ni tofauti. Marekani, krediti moja ya muhula ni takriban saa moja ya darasa na saa mbili za kazi ya nje kila wiki kwa wiki 15 hivi, kwa hiyo msilinganishe namba zao na zetu. Huko zipo kozi za kiangazi za wanafunzi wa sekondari zenye krediti halisi, kama ile ya Tisch, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha New York. Uingereza, mitihani ya uigizaji ya LAMDA kuanzia daraja la 6 hadi la 8 inaongeza pointi za UCAS za kuombea chuo kikuu.

Na kuna jambo lililokuwa chini ya pua yetu. Hapa Afrika Kusini Sanaa za Maigizo ni somo la matriki, linafundishwa katika baadhi ya shule na linahesabiwa mtoto anapoomba chuo. Mwenye mtoto wa darasa la 9 anayechagua masomo, aulize mapema. Sisi tulikuwa tumeshachelewa.

Wiki mbili bila krediti

Binti yangu hakulia. Alisema, "Mama, mimi sikutaka krediti. Nilitaka kuigiza."

Akatafuta kozi nyingine, ndogo, ya wiki mbili, mjini. Bei yake ilikuwa nusu. Kwenye fomu yao waliandika wazi kwamba haina krediti, ni ya kumwonjesha mtu kazi kabla hajaamua kuisomea. Uwazi ule ulinipa moyo kuliko mihuri. Baba yake alikubali baada ya binti kumkumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima mabegani, alikaa akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikawa Juliasi Kaizari, ikachapishwa 1963, kisha akatafsiri na Mabepari wa Venisi. Na kwamba Bagamoyo kuna chuo kizima cha sanaa tangu 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. "Kumbe watu wanasomea," akasema mzee, akatoa nauli.

Kila jioni nikawa napata darasa langu kwenye meza ya kushonea. Wiki ya kwanza ilikuwa ya jukwaa. Walianza na pumzi: kulala chini, mkono tumboni, kuvuta hewa mpaka mkono uinuke, halafu kutoa sauti bila kukaza koo, imfikie mtu wa kiti cha mwisho. Kisha mwili: namna mzee anavyokaa, namna mtu mwenye deni anavyoingia dukani. Kisha swali moja lililorudiwa kila siku: mhusika huyu anataka nini, na nani anamzuia?

Wiki ya pili ilikuwa ya kamera, na karibu kila kitu kikageuka. Ile sauti ya kufika nyuma sasa ilikuwa kelele. Kamera iko karibu, inaona hata jicho likicheza. Unatembea mpaka kwenye alama ya utepe sakafuni bila kuitazama. Ukinywa chai kwa mkono wa kulia mara ya kwanza, unywe kwa mkono huo huo mara ya tano, la sivyo vipande havitaungana. Akajifunza pia kujirekodi kwa simu kwa ajili ya usaili: dirisha mbele yako, si nyuma, ukuta mtupu, sema jina lako, kisha anza.

Walimu waliwasimulia juu ya Market Theatre, iliyofunguliwa Newtown mwaka 1976 kwenye jengo lililokuwa soko, na Barney Simon na Mannie Manim. Mwaka 1989 Simon na John Kani walianzisha hapo Market Theatre Laboratory, mahali pa kuwafundisha vijana kazi hii. Kani mnamjua: ndiye baba yake T'Challa katika Black Panther, na ndiye sauti ya Rafiki katika The Lion King ya 2019. Mhusika mwenye jina la Kiswahili, kwa sauti ya mzee wa Afrika Kusini.

Mwaka 1972 Kani, Winston Ntshona na Athol Fugard walitunga Sizwe Banzi is Dead, tamthilia ya mtu asiye na kibali cha kukaa mjini, anayekutana na maiti ya mtu mwenye kitambulisho kizuri. Afanye nini ili afanye kazi alishe watoto? Achukue jina la marehemu? Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa tuzo ya Tony New York, kwa tamthilia hiyo na nyingine iitwayo The Island. Binti yangu aliponisimulia, niliweka sindano chini. Hadithi ya karatasi ilikuwa jukwaani muda mrefu kabla yangu.

Zoezi la mwisho

Kazi ya mwisho ilikuwa hii: nenda mtaani, mtazame mtu mmoja kwa siku tatu, kisha mlete jukwaani kwa dakika nne. Usimkejeli.

Siku ya Ijumaa tulikwenda mimi na baba yake. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki, mvua ikipiga bati. Zamu yake ilipofika, akaweka kiti kimoja katikati na kukaa upande, magoti yamebanwa, mkoba kifuani. Nikajua yuko kwenye teksi. Simu ikaita. Uso ukamwangaza alipoona jina. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akaizima, akaifukia chini ya mkoba. Ikaita tena. Akatazama nje ya dirisha, midomo inacheza bila sauti. Ilipoita mara ya tatu, akaibonyeza kifuani mpaka ikanyamaza.

Nilikuwa mimi.

Septemba 2019, maduka na magari yalipochomwa moto Jeppestown na kwenye Jules Street yetu hii, nilimwambia mwanangu tusiongee Kiswahili kwenye teksi. Akipiga bibi kutoka Tanga, tusipokee. Nilidhani nimemfundisha tahadhari ya siku chache. Sikujua kwamba miaka yote hiyo amekuwa akinitazama.

Watu walipiga makofi. Wengine walifuta macho, Wazimbabwe na Wazulu pia. Baba yake alinishika mkono, hakusema kitu.

Baadaye nilimwuliza, "Kwa nini mimi?"

"Walisema tumchague mtu anayetaka kitu na kuna kinachomzuia, mama."

Mwaka huu yuko matriki. Ataomba vyuo viwili, na tumeambiwa atarajie usaili, kwa hiyo anafanya mazoezi ya dakika zake nne chumbani kwangu, vitambaa vikiwa ndio pazia. Namba za usajili za vyuo vyote viwili ameziandika kwenye daftari, amezihakiki mwenyewe. Karatasi bado naitaka, sitasema uongo.

Jioni ile tulipanda teksi kurudi Malvern. Tulipovuka Jeppestown simu yangu iliita. Ni mama, kutoka Tanga. Binti yangu hakunitazama, alitazama dirishani. Niliiacha ikaita mara mbili. Halafu nikapokea.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa sauti ya kufika kiti cha nyuma.